Kunguru wa Kihindi pwani: sumu inamuua nani, na kwa nini peke yake haitoshi

Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja katika pwani ya nchi hiyo kabla ya mwaka kwisha. Tangu hapo, kila sumu ya kunguru inapotajwa, watu hugawanyika, iwe ni barazani Malindi au kwenye makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam na Unguja, ambako ndege hao hao wamejaa. Paka akimla kunguru aliyekufa, naye atakufa? Kuku wetu je? Kunguru wakiisha, taka zitaliwa na nani? Na wale wenye kifua cheupe, nao wamo kwenye hukumu?

Maswali hayo yana majibu, ila hayaeleweki mpaka ijulikane kwanza tunamzungumzia ndege gani.

Kunguru wawili, hukumu moja

Pwani ina kunguru wa aina mbili ambao mtu huwaona kila siku. Wa kwanza ni kunguru wa Kihindi, kwa jina la kisayansi *Corvus splendens*. Ana urefu wa sentimita 40 hivi kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, mwili mwembamba, paji na koo nyeusi, mabawa na mkia mweusi. Kisogo, shingo na kifua chake ni vya kijivu. Wa pili ni kunguru wa asili, *Corvus albus*, mkubwa na mzito zaidi, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe unaozunguka hadi nyuma ya shingo. Huyu ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani. Bara, kwenye milima, yupo pia kunguru mkubwa mwenye doa jeupe kisogoni tu, lakini huyo hahusiki na mambo ya pwani.

Kuwachanganya ni rahisi jioni. Jua likiwa chini, kile kijivu cha kunguru wa Kihindi hung'aa kikaonekana cheupe. Dawa yake ni kutazama mpaka wa rangi badala ya rangi yenyewe. Kwa kunguru wa asili, weupe na weusi hukutana kwa mstari mkali, kama umekatwa kwa wembe. Kwa wa Kihindi, kijivu hufifia taratibu hadi kuwa cheusi. Sauti nazo husaidia: wa Kihindi hulia "kaa, kaa, kaa" nyembamba na ya haraka, mwenzake hukoroma kwa sauti nzito.

Kuwatofautisha si suala la wapenda ndege peke yao. Kunguru hawa ni jamaa moja, na sumu inayomuua mmoja humuua na mwingine. Kunguru wa asili amekwisha kusukumwa nje ya sehemu kubwa ya Mombasa na Dar es Salaam na huyu mgeni. Itakuwa dhuluma juu ya dhuluma tukimmalizia sisi kwa kutokutazama.

Wataalamu humwita kunguru wa Kihindi "spishi vamizi". Kiumbe mgeni ni yule aliyeletwa na binadamu mahali ambapo asingefika mwenyewe. Wageni wengi hawana neno. Mgeni huitwa vamizi pale anapoenea na kuwadhuru wenyeji.

Huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa ulinzi wa Waingereza, ili asaidie kula taka za mji. Kufikia 1917 alikuwa amekwisha kuhesabiwa mharibifu. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Sehemu nyingine alifika kwa kupanda meli mwenyewe, maana ni ndege anayekaa sitahani na kula makombo ya mabaharia hadi bandari inayofuata. Ndiyo sababu leo yuko bandari kwa bandari, kuanzia Bahari ya Shamu na Ghuba hadi Durban na Cape Town. Kutoka Mombasa amefuata barabara kuu hadi Voi na Mtito Andei, akituama pale malori yanapolala na vibanda vya chakula vinapotupa mabaki.

Kuna jambo moja kumhusu ambalo likishikwa vizuri, mengine yote huwa mepesi: hakuna mahali panapojulikana duniani ambapo kunguru huyu anaishi mbali na watu. Ndani kabisa ya msitu wa Arabuko-Sokoke humpati. Pembezoni mwake, kwenye vijiji na hoteli za Watamu, yuko tele. Idadi yake hufuata takataka zetu.

Anachokiharibu

Utazame mti wenye matundu ya mnana kando ya bwawa au uani kwa mtu. Mnana dume hufuma tundu lake kwa nyuzi za majani, mlango ukaelekea chini, na tundu lenyewe likaning'inia ncha ya tawi jembamba. Nyoka na kicheche hupata taabu kulifikia. Kunguru hana haja ya mlango. Hutua juu ya tundu, akashika tawi kwa miguu, akapasua ukuta kwa mdomo, na mara nyingi hawaji mmoja. Wakati mnana wanamzonga wa juu, wa pili yuko chini au tawi la pili akingoja kinachoanguka. Mti wenye matundu mengi unaweza kufanyiwa hivyo siku baada ya siku mpaka ndege wauhame. Chozi, shorewanda, tetere na kurumbiza hawana hata kinga hiyo ya kuning'inia, na ndio maana bustani nyingi za mijini pwani asubuhi zina sauti moja tu.

Kwa mfugaji, hasara iko kwenye vifaranga na mayai. Kwa mkulima, ni mahindi machanga na embe zilizodonolewa. Mwewe naye hufukuzwa na kundi mpaka ahame eneo. Kunguru pia hushinda jaani na machinjioni, kisha hutua kwenye mapipa ya maji na meza za chakula, akibeba vimelea vya maradhi kwa miguu na kinyesi.

Wapo wanaosema, "Lakini anatusafishia mji." Tazama jaa moja kwa nusu saa. Kunguru hupasua mfuko, hutoa utumbo wa samaki na mabaki ya ugali, na huuacha mfuko, nepi na mifupa vimetawanyika barabarani. Anachokula ni sehemu ndogo ambayo ingeoza yenyewe. Plastiki hali, na kazi ya mfagiaji huwa mara mbili.

Sumu inavyofanya kazi

Sumu inayotajwa kwenye habari ni Starlicide, ambayo maabara huiita DRC-1339. Ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege wa jamii ya kwenzi waliokuwa wakivamia vyakula vya mifugo. Huharibu figo. Ndege hatoi mkojo wa maji kama sisi: uchafu wa damu hutoka kama asidi ya yuriki, ule weupe unaouona kwenye kinyesi chake. Figo zikifa, asidi hiyo hujaa mwilini. Ndege hunywa maji mengi, huzubaa, hujikunyata, na hufa kati ya siku moja na tatu.

Watu huuliza kwa nini isitumike sumu ya haraka. Sababu ni akili ya kunguru. Akimwona mwenzake anaanguka kando ya chakula, kundi zima litakiepuka chakula hicho na mahali hapo kwa muda mrefu. Sumu ya polepole humfanya afie mahali pa kulala, mbali na chambo, na wenzake hawaunganishi mambo hayo mawili.

Sasa lile swali la paka. Mwili wa kunguru huivunja sumu hii na kuitoa katika muda wa saa chache, hivyo anapokufa nyama yake huwa imebaki na kidogo sana. Hapo ndipo inapotofautiana na Furadan na dawa nyingine za mashambani ambazo watu hutega kwa siri. Hizo huua kunguru, kisha mbwa aliyemla kunguru, kisha tai aliyemla mbwa. Hatari ya Starlicide iko kwenye chambo chenyewe, na kwenye chambo kilichobaki tumboni kabla hakijasagwa. Mbwa na binadamu wangehitaji kipimo kikubwa zaidi kwa uzito wao kuliko kunguru, lakini paka huathirika kwa urahisi, na kuku, njiwa na bundi vilevile. Kwa hiyo jibu kamili ni hili: paka aliyeokota mzoga wa juzi yuko katika hatari ndogo, paka aliyeiba kipande cha nyama ya chambo yuko katika hatari kubwa. Mwewe wengi huivumilia kuliko kunguru, nalo ni jambo la kushukuru.

Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa kila mtu na chupa yake. Inapofanywa sawasawa, huanza na nyama safi isiyo na chochote. Vipande vidogo huwekwa mahali pale pale, saa ile ile, kwa siku kadhaa, huku mtu amesimama akiandika nani anakuja kula na wangapi. Akitokea kunguru wa asili, mwewe au kuku wa jirani, mahali hapo huachwa. Siku ya sumu huwekwa kiasi kinacholingana na hesabu ya kunguru waliozoea, kinachoweza kuliwa kikaisha mbele ya macho ya msimamizi, na kinachobaki huokotwa chote. Asubuhi zinazofuata watu huvaa glavu na kupita chini ya miti ya kulala kunguru kukusanya mizoga, ambayo huzikwa shimo refu au kuchomwa.

Kazi huharibika kwa njia zinazojulikana. Chambo kikiwekwa kingi, kilichobaki kitaokotwa na mwingine. Siku za nyama safi zikifupishwa, kunguru wachache wajasiri watakula na waliobaki watajifunza. Mizoga ikiachwa barabarani, watu watapata hofu, na hofu hiyo ndiyo inayosimamisha programu nyingi kabla ya sumu yenyewe kushindwa.

Mvua nayo ina neno. Sumu hii huyeyuka katika maji, na ni kali kwa viumbe wadogo wa majini, kamba wakiwemo. Kutega wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maana yake ni kuipeleka kwenye mtaro, na mtaro wa mji wa pwani huishia mikokoni. Mahali kama hori ya Mida karibu na Watamu, ambako ndege wahamiaji kutoka kaskazini hula viumbe wa kwenye tope kwa maelfu, hilo halipaswi kufanywa kabisa karibu na maji. Kipindi cha kiangazi ndicho chenye akili, na hata hapo, mbali na kijito.

Wapo wanaopinga kwa sababu ya mateso ya ndege, na hoja yao ni ya haki. Figo kufa kwa siku nzima si kifo chepesi, hata kama kwa macho ndege anaonekana amelala tu. Kwangu mimi, ukiweka pembeni makinda ya mnana yanayotolewa tumboni mwa tundu mwaka baada ya mwaka, sumu inayosimamiwa na wenye kibali inakubalika. Isiyokubalika ni kuua bila mpango, maana hapo mateso yanabaki na faida haipo.

Kwa nini wanarudi

Zanzibar ilishafanya kazi hii katika miaka ya 1990. Kunguru wakapungua sana, kazi ikasimama, wakarudi. Malindi na Watamu zilipitia hivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu huona hiyo ni dalili kwamba sumu haifanyi kazi. Ilifanya. Kilichokosekana ni kilichopaswa kufuata.

Chukua hesabu ya mfano tu. Eneo lina kunguru 1,000, wakauawa 750. Waliobaki 250 ni jozi 125. Kila jozi ikikuza makinda mawili, kisha moja kati yake likafa, mwaka wa kwanza wanakuwa 375, wa pili 562, wa tatu 843, na wa nne wamepita 1,000. Na kwa kuwa chakula jaani ni kile kile na walaji wamepungua, kila kinda hushiba kuliko zamani na wengi zaidi hupona. Kuua bila kufunga jaa ni kufua maji kwenye ngalawa isiyotiwa kalafati.

Kuwamaliza kabisa kumewezekana mahali pengine. Shelisheli walifanikiwa kwa kazi ya miaka mingi, na kisiwa cha Sokotra huko Yemen kikawaondoa wa mwisho mwaka 2009. Hoek van Holland huko Uholanzi, ambako walifika kwa meli katika miaka ya 1990, nako wameondolewa. Lakini hao wote walikuwa na kundi dogo lililotengwa na bahari au na baridi. Pwani yetu ni mstari mmoja wa miji na bandari. Ukimaliza Kilifi, wa Mombasa watajaza. Lengo la kweli kwetu ni kuwashusha na kuwabakiza chini, na kuwazuia wasiingie miji ya bara ambako bado ni wachache. Hapo kuwaondoa kumi wa kwanza kuna thamani kuliko kuua elfu kumi Mombasa.

Mitego, matundu na jaa

Mtego unaofaa ni kizimba kikubwa cha mbao na wavu, mita 3 kwa 2, kimo kama mita 2, chenye mlango wa juu uliotengenezwa kama ngazi iliyolazwa. Nafasi kati ya vidato huwa kama sentimita 15: kunguru hukunja mabawa akatumbukia, lakini hawezi kuyakunjua akatoka. Siri iko kwa kunguru hai wachache wanaoachwa ndani kuwaita wenzao. Lazima wapewe maji, chakula na kivuli kila siku, kwa ubinadamu na kwa faida pia, kwa sababu kunguru mgonjwa kizimbani huwafukuza wa nje. Mtego una uzuri mmoja ambao sumu haina: akiingia kunguru wa asili, unamfungulia akaenda zake. Udhaifu wake ni kwamba baada ya muda kunguru wa mtaa huo huujua, na inabidi uhamishwe.

Kutungua matundu hakuhitaji sumu wala mtego. Kunguru wa Kihindi hutaga mayai 3 hadi 5, na huatamia siku 16 au 17. Mtu akipita kila wiki mbili kwenye miti yake, hakuna yai litakalowahi kuanguliwa. Usitungue tundu tupu, kwani watalijenga upya kwa siku chache. Ngoja mayai, kisha tumia upembo mrefu. Mwenye tundu atakushambulia kichwani, na watu husema ni kisasi au mkosi, ila huo ni ulinzi wa mzazi tu: vaa kofia ngumu. Mtambue kwanza ndege mwenyewe, usitegemee mayai, maana ya kunguru wote wawili ni ya kijani-buluu hafifu yenye madoa. Tundu likiwa juu ya nguzo ya umeme, liachie shirika la umeme. Kunguru wa mjini hujenga kwa vipande vya waya, na upembo mbichi juu ya waya ni kifo.

Jaa ndilo kazi kubwa, na halina umaarufu wa kutangazwa. Pipa liwe na kifuniko kizito au chenye jiwe. Utumbo wa samaki kwenye soko na diko ufukiwe siku ile ile kwa udongo wa futi moja au mbili, badala ya kumwagwa ufukweni kungoja maji kujaa. Machinjio yafunge mlango wa nyuma. Dagaa wa kuanika wafunikwe kwa nyavu chakavu zilizoinuliwa kidogo juu ya chanja, zisilale juu ya samaki, la sivyo watadonolewa kupitia matundu. Vifaranga wakae chini ya tenga au bandani penye wavu hadi watimize wiki sita hivi. Hoteli zinazolipia sumu huku mapipa yake ya jikoni yako wazi zinatupa fedha.

Anayetaka kusaidia kwa kuhesabu, kazi ni ya jioni. Tafuta mti wanapolala, mara nyingi mwembe, mkungu, mvinje au mikoko. Simama dakika 45 kabla ya jua kuzama kwenye njia moja wanayopitia, uwahesabu kwa makundi ya kumi wanapoingia, na mwenzako ashike njia nyingine. Andika tarehe, mahali, saa, hali ya mvua, na idadi ya kila aina ya kunguru kwa safu yake. Rekodi hizo zipelekwe kwenye miradi inayokusanya taarifa za ndege: Kenya Bird Map, Tanzania Bird Atlas au eBird. Rudia mahali pale pale mwezi huo huo mwaka unaofuata, hasa kama umepita msimu wa kutega sumu. Kwa mji wa bara, kunguru wa Kihindi mmoja tu ni taarifa ya kupelekwa siku ile ile, pamoja na picha inayoonyesha shingo.